Chai Nyeupe na Ushahidi wa Mama Mkwe

Binti yangu ameniletea pakiti ya chai nyeupe. Aliinunua katika duka kubwa la mjini, kwa bei ambayo sikumuuliza maana najua tungegombana, akaiweka juu ya meza yangu hapa Area 25, Lilongwe, na kuanza kunisomea maandishi ya nyuma. Huenda ikasaidia moyo. Huenda ikashusha presha. Huenda ikalinda meno na ngozi na kuchelewesha uzee. Kila faida ilitanguliwa na "huenda" yake, kama mtoto mdogo anayeshikwa mkono barabarani. Nikamwambia hilo neno ni zuri, alishike sana, kwa kuwa baba yake aliiuza chai hiyohiyo kambini bila kulitamka hata mara moja.

Alicheka. Alikuwa mdogo wakati ule, na kitu alichobaki nacho ni kwamba mwaka ule tulikuwa na sukari. Mimi nimebaki na jirani yangu.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, katikati ya miaka ya tisini, kutoka Kindu, Zaire: mimi, mume wangu, mama yake mzazi na watoto wetu. Mahali penyewe palikuwa gereza zamani. Sijui ni nani aliyeona kwamba watu waliokimbia bila kosa wanastahili kukaribishwa gerezani, ila kuta zilikuwa imara, na hatukuwa na nafasi ya kuchagua.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa mfanyabiashara, mjukuu wa mfanyabiashara. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya duka humgeuzi kuwa mtu wa kawaida. Unamgeuza mfanyabiashara asiye na cha kuuza, na hakuna kiumbe anayesumbua nyumba kuliko huyo. Siku moja nilimkuta ametandaza turubai mlangoni, amepanga maharage yetu ya mgao kwa mafungu mazuri yanayolingana. Alikaa hapo hadi adhuhuri. Kisha akayarudisha kwenye gunia, maana kila aliyepita alikuwa na maharage yaleyale nyumbani kwake.

Nisijitoe mimi. Nami nilikuwa mke wa mwenye duka, sikuwahi kushika jembe maishani mwangu, na nilijivunia viganja vyangu laini katika kambi ambayo viganja laini havikumfaa mtu kitu.

Basi akaanza kwenda Lilongwe kuzungusha vitenge vichache katika nyumba za Area 47. Huko akapata mteja, mama mmoja wa Kimalawi, mnene, mkarimu, mwenye kaka aliyefanya kazi katika mashamba ya chai kule kusini. Mama huyo alikuwa na chupa ya kioo iliyojaa vichipukizi vya chai vyenye manyoya meupe. Vilichumwa kabla havijafunguka, vikakaushwa kivulini tu, bila kusagwa wala kuchachushwa. Akampa kikombe, akamweleza kwamba amesoma katika gazeti la ng'ambo kuwa chai ya namna hii huenda inasafisha damu, huenda inatuliza presha, huenda inapunguza unene. Alikuwa na haki ya kutumaini, hasa kuhusu hilo la mwisho.

Mume wangu alirudi na mfuko wa nailoni uliojaa vichipukizi vile, na macho yanawaka. Sikuwa nimeyaona macho yale tangu Kindu. Niseme ukweli, yalinifurahisha kabla hayajaniudhi.

"Mama ya batoto," aliniambia, "Mungu amefungua mulango. Hii chai inaponyesha tansio, inaponyesha sukari, inaponyesha meno, inaondosha mafuta ya ku tumbo." Tansio kwetu ndiyo presha.

"Tumbo ya nani?" nikamuuliza. "Ya sisi ba mahindi na maharage?"

"We unachekaka tu."

Nilicheka kweli. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chai ile ilitembezwa kambi nzima. Alitandika mkeka karibu na mahali pa kugawia chakula, akakaa mbele ya watu waliopanga foleni wakisubiri mafuta ya kupikia yasiyotosha wiki mbili, akawatangazia kwa sauti ya sokoni kwamba ana dawa ya kupunguza unene. Mzee mmoja wa kutoka kwetu Maniema, mwenye mbavu za kuhesabika, alisimama akamtazama kwa upole. "Mutoto wangu," akasema, "unene yangu niliiacha Zaire. Ukienda, uipunguze kule kule." Foleni nzima ilicheka. Mume wangu alicheka nao, kisha akamuuzia mzee kipimo kimoja cha kutibu meno.

Tatizo la pili lilikuwa kikombe chenyewe. Sisi watu wa Kindu chai ni ya kuchemsha hadi ikolee, na tangawizi, na sukari ya kutosha kijiko kisimame. Mgeni ukimpa chai hafifu amekwisha kujua unamfukuza. Sasa hii chai nyeupe ilitaka maji yasiyochemka sana, bila sukari, na ikiwa tayari rangi yake ni ya maji yaliyosuuziwa sahani. Wateja walirudi kulalamika. Mume wangu akawaeleza masharti, wakamsikiliza kwa adabu, wakaenda kuichemsha nusu saa nzima na tangawizi. Kama vichipukizi vile vilikuwa na faida yoyote, ilikwisha kupanda na moshi.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nyumba za biashara za kwetu, la sivyo hutanielewa. Bidhaa mpya hufunguliwa na mama wa mwenye duka. Kama ni kitambaa, yeye ndiye wa kwanza kukivaa. Kama ni sabuni, yeye ndiye wa kwanza kuiogea. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile atakayeonekana akitumia kitu cha muuzaji mwingine cha kazi ileile. Zamani baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipokea marobota ya vitenge vya buluu vilivyotoa rangi. Mama mkwe alivivaa msimu mzima wa mvua. Alikuwa buluu shingoni na buluu mikononi, na akienda kwenye maulidi wanawake walimpisha, kwa heshima na kwa kuokoa nguo zao. Marobota yaliisha yote. Aliwasimulia wajukuu hadithi hiyo mara nyingi, na hakuona kinachochekesha ndani yake.

Kwa hiyo chai ilipoingia, yeye ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza, juu ya mkeka, mbele ya watu. Na mama mkwe alikuwa na presha.

Aliigundua miezi michache kabla, siku aliyokwenda zahanati pamoja na jirani yetu. Jirani alikuwa mama wa Kirundi, mtu wa milimani, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mwenye watoto wawili na jembe moja. Mume wake alibaki Burundi, na sikuwahi kumuuliza alibaki namna gani. Aliishi kwa ganyu, yaani vibarua vya kulima katika mashamba ya Wamalawi nje ya kambi, na jioni tulimsikia akirudi kabla hatujamwona, kwa ajili ya nyimbo. Alipokosa chumvi alikuja kwetu, nasi tulipokosa kuni tulikwenda kwake. Siku ile wote wawili walipimwa, wote wawili wakakutwa na presha ya juu, wote wawili wakapewa vidonge vilevile vidogo na kuambiwa wavimeze kila asubuhi, hata wakijisikia wazima.

Vidonge vile vilimpeleka mtu kukojoa. Kwa mama mkwe, aliyeshinda amekaa, haikuwa taabu kubwa. Kwa jirani ilikuwa taabu ya kazi. Mwenye shamba alimwambia waziwazi kwamba hamlipi mtu kwa kutembelea vichaka. Muuguzi naye alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiacha vidonge anaweza kuanguka na asiinuke. Alisimama katikati ya maneno hayo mawili, na watoto wake wakisubiri unga.

Kwetu nako mambo yaliharibika kwa njia nyingine. Chai ilipoanza, mama mkwe aliamua kuacha vidonge.

"Mama, utakufa," nikamwambia.

"Nitakufa na heshima. Mutu anauza dawa ya tansio, na mama yake anakimbilia ya bengine? Bantu batasema nini?"

"Basi meza na usionekane."

Alitazama mlangoni, akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilimletea kidonge nyuma ya jiko, nimekifunga kwenye ncha ya kitenge. Alimeza na maji, akafuta mdomo, akaenda mkekani kunywa chai ya mtoto wake na kuwashukuru wateja. Aliniapisha kwamba mume wangu asijue, wala mtu yeyote. Sitaki mtu adhani nilifanya hivyo kwa upendo mtupu. Nilimpenda mama mkwe, lakini pia nilijua ni nani atakayemgeuza kitandani akipooza.

Mwezi ulipokwisha alikwenda kupimwa. Muuguzi akamuuliza kwa Kichewa, "Mukumwa mankhwala?" yaani unakunywa dawa, na mama mkwe akaitikia kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu alikuwa anakunywa. Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Ikaandikwa kwenye kadi.

Kadi ile mume wangu aliipeleka mkekani, akaishika juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Angalieni karte! Mama yangu muzazi! Haiko mutu ya kuokota ku njia! Chai tu!" Na hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonichoma, maana mwongo ningemweza. Yeye aliamini kila neno. Alimkumbatia mama yake mbele ya watu, akalia, na mama mkwe akawa anampapasa mgongo huku akinitazama mimi juu ya bega lake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kadi ile orodha ya magonjwa ilirefuka hadi ikafika ndoto mbaya na wanawake wasioshika mimba, na mfuko ulipopungua aliongezea majani makavu ya mpera. Watu walikuja kutoka upande wa pili wa kambi kumwangalia mama mkwe. Alikaa amenyooka, amevaa kitambaa chake cha Ijumaa, akajibu salamu. Nyumbani tulianza kula usipa, dagaa wa hapa Malawi, mara tatu kwa wiki. Sukari ilikuwa kwenye bati lake na kifuniko chake. Nilimcheka mume wangu kila siku, na kila siku nilikula alichokileta.

Asubuhi moja jirani alinikuta nafua. Alikuwa na jembe begani. Hakuzunguka.

"Jirani, kweli mama anakunywa iyi chai tu? Hakuna kitu ingine?"

Nilikuwa nimekamua nguo ya mume wangu, nikaikamua tena ingawa haikuwa na maji. Nilimjua. Nilijua anachouliza na kwa nini anauliza. Nilikumbuka kiapo, nikakumbuka na bati la sukari, na sijui hadi leo ni kipi kilichotangulia.

"Si unamuona mwenyewe?" nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Namuona," akasema, akaenda shambani akiimba.

Jioni alipita mkekani, akanunua kipimo kimoja. Mume wangu alimwongezea kidogo, kwa kuwa ni jirani. Ni kweli, mume wangu hakuwa mchoyo.

Mvua zilipoanza, ganyu iliongezeka. Jirani alilima alfajiri hadi jua la mchana bila kwenda vichakani, na mwenye shamba alimsifu. Alinenepa kidogo usoni. Aliniambia kwamba kichwa kinamgonga nyuma, nami nikamwambia apumzike, kana kwamba kupumzika ni kitu kinachogawiwa pamoja na maharage. Mara mbili nilifungua mdomo nimweleze. Mara ya kwanza mama mkwe alikuwa karibu. Mara ya pili hakukuwa na mtu, na nikamuuliza habari za kwaya.

Alianguka kwenye tuta la mahindi, siku ya Alhamisi. Wenzake walimleta juu ya baiskeli, wawili wamemshika pembeni, na mguu wake mmoja ulikuwa unaburuta chini. Zahanati ikampeleka hospitali ya mjini. Wiki nzima, na nyingine, na nyingine, watoto wake walilala kwetu. Kila asubuhi niliwapa chai yenye sukari nyingi, wakanishukuru, nami nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko.

Alirudishwa akiwa amekufa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala pajani mwake, mdomo ulikuwa umevutwa pembeni, na maneno yalitoka yameshikana. Watu wa kwaya walikuja wakamwimbia. Alijaribu kuitikia, kisha akaacha.

Mume wangu naye alijiandaa kwenda kumpa pole. Alifunga kipimo cha chai katika karatasi safi. "Anywe mara tatu ku siku," akasema. "Pengine alikuwa anapunguza."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia mbele ya mama yake, nikiwa nimesimama, kwa sauti ambayo kuta za gereza hazikuizuia. Nilimwambia habari za vidonge, za ncha ya kitenge, za kadi aliyoipunga kama bendera. Alimgeukia mama yake. Mama mkwe hakuinamisha uso.

"Nilikuwa nafungua biashara yako," akasema.

Mume wangu aliketi juu ya gunia la mahindi na kufunika uso kwa mikono. Nilimhurumia, na nilikasirika kwa kumhurumia. Ila usidhani aliimwaga ile chai. Biashara haigombi. Aliipeleka soko la Biwi, mjini, akaiuza yote kwa jumla kwa mtu asiyemjua mama yake, akarudi na sabuni. Jioni ileile mama mkwe aliiogea.

Mimi nilikwenda kwa jirani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua ishirini. Alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nikaketi, nikamweleza yote bila kujipamba: kwamba mama mkwe hakuwahi kuacha vidonge, kwamba mimi ndiye niliyempelekea, kwamba aliponiuliza nilijua. Nilingoja matusi. Niliyataka.

Maneno yalimtoka moja moja.

"Ulisema nimuone mwenyewe," akasema. "Nilimuona. Na wewe nilikuona. Kila asubui, nyuma ya jiko, unamupa kidonge. Naenda shamba, napita, nawaona."

Alivuta pumzi, akaendelea.

"Nikasema, iyo ni dawa ya magoti. Ingekuwa ya tansio, jirani angeniambia."

Mate yalikuwa yanamtoka upande ule usiofunga. Nilimfuta kwa ncha ya kitenge, ileile. Akaomba maji, nikamshikia kikombe hadi alipomaliza. Watoto wake walikuwa wanatutazama kutoka mlangoni, na jembe lao lilikuwa limeegemezwa hapohapo, lingali na udongo mkavu wa siku ya Alhamisi.

Asubuhi yake nililichukua, nikaenda shambani alikokuwa akilima. Mwenye shamba aliniangalia viganja, akacheka, akaniuliza kama na mimi ni mtu wa kwenda vichakani. Nikamwambia hapana. Akanionyesha tuta ambalo halikumalizwa.